Pini zikiisha kwenye Uno: nilivyofunga sanduku la vifaranga vya sato

Vijana wanaojifunza Arduino, zile bodi ndogo za kuprogramu zinazosoma swichi na kuamuru mota, hapa Mwanza huniuliza swali moja kila mara kuhusu bodi ya Uno na kaka yake mkubwa: "Dada, pini zimeisha, ninunue Mega?" Kabla ya kujibu huwa nawauliza na mimi: unafunga kitu gani, na kitu hicho kitafanya nini siku waya mmoja ukikatika? Wengine huona nimewakwepa, lakini mimi kuchagua namna ya kuongeza pini huanzia hapo. Leo nieleze kwa kirefu, nikitumia sanduku nililolifunga kwenye kituo kimoja cha kuzalisha vifaranga vya sato upande wa Luchelele.

Hesabu kwanza. Uno ina pini 14 za dijitali na 6 za analogi, na hizo za analogi nazo zinakubali kazi ya dijitali, kwa hiyo unazo 20. Toa namba 0 na 1, maana ndizo zinazopitisha mazungumzo kati ya bodi na kompyuta. Toa A4 na A5, tutazihitaji muda si mrefu. Zimebaki 16. Kituo kina matangi sita. Kila tangi lina maboya mawili yenye swichi ndani, moja la kuonyesha maji yamepungua na jingine la kuonyesha yamejaa, pamoja na pampu yake ndogo ya hewa na vali ya kuingiza maji. Hapo kuna pini 12 za kusoma na 12 za kuamuru, jumla 24. Bado king'ora, kipimajoto na kioo cha kuonyesha namba.

Mega ina pini 54 za dijitali na 16 za analogi, ingemeza yote hayo na kubaki na nafasi. Sipendi kuitumia kwenye sanduku la kazi kwa sababu nyaya zote za kituo zinaishia kwenye bodi moja, tena kwenye matundu ya kuchomeka yasiyo na skrubu, karibu na pampu zinazotetemeka mchana na usiku. Pini moja ikiungua unabadilisha bodi nzima na kuhamisha nyaya zote. Chipu ya kuongeza pini iliyokaa kwenye soketi yake unaing'oa kwa bisibisi ndogo, unaweka nyingine, kazi inaendelea. Kwa fundi anayefuata, anayeitwa saa tano usiku mimi nikiwa Sengerema, tofauti hiyo ni kubwa sana.

Kwa hiyo nilitumia I2C. Njia hii ilibuniwa na Philips mwaka 1982 ili chipu zilizomo ndani ya kifaa kimoja, mathalani televisheni, ziweze kuzungumza kwa nyaya mbili tu: SDA ya data na SCL ya mapigo ya saa. Maneno "ndani ya kifaa kimoja" yashike, nitayarudia. Kwenye Uno, SDA ni A4 na SCL ni A5. Kila chipu ina anwani ya biti 7. Hesabu inatoa anwani 128, lakini 16 zimetengwa kwa kazi maalumu, kwa hiyo zinabaki 112.

Namna nyaya hizi zinavyofanya kazi inafaa kueleweka, maana hitilafu nyingi zinatokea hapo. Chipu yoyote iliyomo kwenye njia inaweza kuvuta waya chini hadi sifuri, lakini hakuna hata moja inayousukuma juu. Kazi ya kuurudisha juu ni ya rezista mbili zilizofungwa kati ya nyaya hizo na volti 5. Rezista zikiwa kubwa mno, waya unapanda polepole na biti zinasomeka vibaya. Zikiwa ndogo mno, chipu zinashindwa kuuvuta chini. Kwa volti 5 usishuke chini ya omu 1,500 hivi, kwa kuwa chipu ya kawaida ya I2C inahakikishiwa kumeza miliampia 3 tu. Watu wananunua vibodi vya tayari, na kila kibodi kimekuja na rezista zake za kilo-omu 4.7. Ukifunga vinne pamoja, rezista hizo zinakuwa sambamba na unabaki na omu 1,175. Vitatu kati ya hivyo ving'olewe rezista zake.

Chipu yangu ya kila siku ni MCP23017 ya Microchip. Ina miguu 28, na kati ya hiyo 16 ni pini za kazi, zimegawanywa mafungu mawili ya nane, A na B. Miguu mitatu ya anwani inakuruhusu kuchagua kuanzia 0x20 hadi 0x27 (ndivyo anwani huandikwa, kwa heksadesimali), maana yake nyaya mbili zinaweza kubeba chipu nane, pini 128. Mguu wa riseti, yaani wa kuianzisha chipu upya, usiuache unaelea, ufunge kwenye volti 5 kwa rezista. Baada ya hapo ni kuandika kwenye rejista chache, yaani visanduku vya kumbukumbu ndani ya chipu: IODIR kusema pini ipi inasoma na ipi inaamuru, GPPU kuwasha rezista za ndani, GPIO kusoma, OLAT kuamuru. Ukitaka kubadilisha pini moja bila kugusa nyingine, anzia na thamani iliyomo OLAT, usianzie na GPIO. GPIO inakupa hali halisi ya mguu. Mguu ukiwa umevutwa na kitu cha nje, utajikuta unaandika amri ambayo hukuikusudia.

Kuna jambo moja kuhusu chipu hii ambalo mafunzo mengi ya intaneti bado hayalisemi. Datashiti, yaani maelezo ya kiwanda, iliyorekebishwa mwaka 2022 inataja pini za mwisho za kila fungu, GPA7 na GPB7, kuwa za kuamuru tu. Ukizitumia kusoma, na hali ya mguu ikabadilika wakati biti yake inatumwa, inaweza kuivuruga SDA yenyewe. Ndugu yake MCP23S17, anayetumia SPI, njia nyingine ya mawasiliano, hana shida hiyo. Kwa hiyo anayesema MCP23017 inasoma swichi 16, mwambie 14. Kwangu maboya 12 yalikaa sita fungu A na sita fungu B, zile za mwisho nikaziacha.

Angalia pia mgongano wa anwani. Kioo cha herufi kinachouzwa na kibodi kidogo nyuma kinatumia PCF8574, na mara nyingi anwani yake ni 0x27, au 0x3F kama ni PCF8574A. PCF8574 na MCP23017 zinagombea anwani zilezile, 0x20 hadi 0x27. Ukifunga kioo hicho na MCP ya nane kwenye njia moja, zote mbili zitaitika kwa pamoja.

Tuje kwenye maboya. Rezista za ndani za MCP23017 ni kama kilo-omu 100. Ni dhaifu. Kwenye swichi iliyoko mezani hutaona tatizo, lakini boya lililo mita kumi mbali, mguso wake umeanza kushika kutu kwa unyevu, linahitaji mkondo wa kutosha kupenya uchafu huo, na kwa kilo-omu 100 unapata mikroampia 50 tu. Niliweka rezista za nje za kilo-omu 4.7, kisha kilo-omu 1 mfululizo kabla ya mguu wa chipu, na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda kwenye waya wa sifuri (GND) ili kumeza kelele za mota. Kusoma mafungu yote mawili kwa kasi ya kilohezi 100 kunachukua chini ya milisekunde moja, nami nasoma mara kumi kwa sekunde. Maji ya tangi hayana haraka ya kuzidi hapo, ndiyo maana sikujisumbua na miguu ya INT, ile inayoiashiria Uno hali ikibadilika.

Upande wa kuamuru una mambo mengi zaidi. Bodi nyingi za rilei, yaani swichi za umeme mkubwa zinazoamuriwa kwa mkondo mdogo, zinazopatikana madukani mjini huwaka zikipewa sifuri, siyo zikipewa volti 5. Kwa bodi za namna hiyo PCF8574 inafaa vizuri sana, maana mguu wake ni hodari kuvuta chini, hadi miliampia 25, ingawa juu unatoa mikroampia 100 tu. Na inapowashwa, miguu yake yote huanza ikiwa juu, kwa hiyo rilei zote zinabaki zimezimika mpaka programu iseme vinginevyo. MCP23017 nayo huanza miguu yote ikiwa ya kusoma, haiamuru chochote. Nilitumia MCP ya pili kwa rilei 12, ili chipu ya akiba iwe ya aina moja. Soma jumla ya mkondo, usisome wa pini moja tu: kila pini inakubali miliampia 25, lakini chipu nzima hairuhusu kumeza zaidi ya 150. Taa 16 za LED kwa miliampia 10 kila moja ni 160, umeshavuka. Koili ya rilei ya volti 5 peke yake inakula kama miliampia 70, na rilei 12 zinakaribia 850, kwa hiyo zina ugavi wake wa volti 5. Usizichotee kwenye Uno.

Kwa wasioweza kupata MCP kwa haraka, kuna 74HC595, na hapa Mwanza haikosekani kwa mafundi wanaotengeneza zile mbao za maandishi mekundu yanayotembea kwenye maduka ya dawa na ya miamala. Ubao uliokufa ukiufungua unakuta 595 zimejipanga safu, nyingi zikiwa nzima. Hii haina anwani. Unaisukumia biti moja moja kwa kila pigo la saa, na kila mpya inaisogeza iliyotangulia nafasi moja, kama wagonjwa wanavyosogea kwenye benchi la zahanati kila anapokaa mwingine. Zikishakaa nane unapiga mguu wa kuachia, ndipo zote zinaonekana nje kwa pamoja. Mguu wa 9 unatoa biti iliyofika mwisho na kuipeleka kwenye 595 inayofuata, kwa hiyo nyaya tatu zinaweza kuendesha chipu nyingi upendavyo. Kwa kusoma kuna mwenzake, 74HC165, inayofanya kinyume chake.

Kwenye 595, mguu wa 13, ambao ukiwa juu unazima miguu yote ya kutoa, ufungie rezista kwenda volti 5, kisha programu iushushe baada ya kuingiza hali sahihi. Umeme ukirudi, 595 haijui ianze na nini. Bila rezista hiyo, pampu na vali zinaweza kuruka hovyo kabla programu haijaamka. Kwenye maeneo yetu ambako umeme hukatika na kurudi mara kadhaa ndani ya dakika chache, hilo si jambo la kupuuza.

Sasa nirudi kwenye maneno ya mwanzo, "ndani ya kifaa kimoja". Nje ya jengo kituo kina mabwawa mawili, karibu na ziwa, kama mita 60 kutoka kwenye sanduku. Mzee mwenye kituo aliniuliza, "Dada, si uvute tu hizo nyaya zako mbili mpaka kule?" Nikamwambia, "Mzee wangu, hizi hazifiki." I2C inaruhusu njia nzima kuwa na pikofaradi 400, na waya wa mtandao wa kawaida una kama pikofaradi 50 kwa kila mita. Mita nane umemaliza. Tena ukitumia rezista za kilo-omu 4.7, ule muda wa waya kupanda, ambao kwa kilohezi 100 haupaswi kuzidi nanosekunde 1,000, unafikia ukomo kwenye pikofaradi 250 hivi, yaani mita tano. Wapo wanaofika mbali zaidi kwa kupunguza kasi. Mezani inafanya kazi, nakubali. Lakini waya mrefu unaopita kando ya pampu, katika nchi ya radi kama hii yetu ya ukanda wa ziwa, unakusanya kila kitu. Sheria yangu ni kwamba I2C haitoki nje ya sanduku.

Kule kwenye mabwawa niliweka sanduku dogo lenye Nano, bodi ndogo ya Arduino, na MCP yake, na kati ya masanduku hayo mawili inapita RS-485. Hii hutuma kwa jozi ya nyaya zilizosokotwa na msomaji anaangalia tofauti ya volti kati yake, kwa hiyo kelele inayoingia kwenye nyaya zote mbili sawasawa haimsumbui. Inafika hadi mita 1,200 kwa kasi ndogo, na inabeba vifaa 32 vya kawaida. Rezista ya omu 120 kila mwisho wa waya, basi. Chipu yenyewe ni MAX485, inapatikana kirahisi.

Joto la maji linapimwa na DS18B20, moja kwa kila tangi, zote kwenye waya mmoja wa data, kwa kuwa kila moja imetoka kiwandani na namba yake ya biti 64. Sato hupenda nyuzi 27 hadi 30 hivi. Ukiona inasoma 85 kamili, hayo si maji. Ni namba ambayo sensa huanza nayo inapowashwa, kabla haijapima chochote.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu kuliko zote kuifikiria ni hii: I2C ikinyamaza je? Na hunyamaza. Pampu inapozimwa inarusha kelele, pigo moja la saa linapotea, chipu inabaki katikati ya neno ikiishikilia SDA chini ikisubiri pigo ambalo haliji. Na maktaba ya Wire, programu ya tayari inayoendesha I2C kwenye Uno, usipoiwekea ukomo wa muda, inaweza kusubiri milele. Programu imeganda, lakini ukiangalia sanduku unaona taa zinawaka na rilei zimeshika, maana MCP23017 inaendelea kushikilia amri ya mwisho iliyopewa. Anayepita anadhani mambo yako sawa. Ndani ya tangi lenye vifaranga wengi, hewa ikiwa imezimwa wakati huo, hawana muda mrefu.

Kwenye programu nilifanya mambo matatu. Niliita Wire.setWireTimeout ili kusubiri kuwe na mwisho. Muda ukiisha, napiga SCL mara tisa kwa mkono wa programu, na kwa kawaida chipu iliyokwama inamaliza neno lake na kuiachia SDA, kisha naandika rejista zote upya, sidhani tu kwamba zimebaki kama nilivyoziacha. Na mlinzi wa ndani wa ATmega328P, anayeiwasha Uno upya programu ikiganda au ikishindwa kabisa kuipata MCP, amewekwa sekunde nne. Mguu wa riseti wa MCP nimeufunga pia kwenye pini moja ya Uno, na programu inaushusha kila inapoanza: Uno ikianza upya, nazo zinaanza upya, rilei zote zinaachia.

Rilei zikiachia, waya za umeme ndizo zinazoamua, programu haina la kusema tena. Pampu za hewa nimezifunga kwenye mguso wa rilei unaokuwa umeungana rilei ikiwa imelala. Yaani ili kuzima hewa lazima sanduku liwe hai na liamuru. Likifa, hewa inakuja kwenye matangi yote sita. Vali za maji nimezifunga kinyume, likifa zinafunga, kwa sababu tangi likifurika vifaranga wanatoka na maji. Mzee aliuliza kwa nini tuzime hewa kabisa, swali zuri. Umeme ukikatika betri haiwezi kuendesha pampu sita kwa usiku mzima, kwa hiyo sanduku linazipokeza, tatu baada ya tatu. Maana yake ni kwamba sanduku likifa usiku wa giza, pampu zote zitawaka na betri itaisha mapema. Tulilizungumza hilo wazi. King'ora kina kisaketi chake kidogo kinachosubiri pigo kutoka Uno, pigo likikosekana kinalia, na mlinzi wa kituo, yule mtu, ana muda wa kuwasha jenereta. Mimi naona ni afadhali betri iishe mtu akiwa macho kuliko hewa izimike mtu akiwa amelala, na mzee alikubali.

Mambo madogo ya mwisho. Kila chipu ina kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu yake ya umeme. Matundu ya nyaya yamezibwa, kwa sababu mijusi hupenda joto la sanduku na hufia juu ya miguu yenye volti 230. Bodi nimezipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, soketi na skrubu nikaziacha, maana unyevu wa ziwani unakula shaba kuanzia kwenye lehemu. Ndani ya mlango nimebandika karatasi yenye anwani za chipu zote na jina la kila waya kwa Kiswahili, na MCP mbili za akiba kwenye mfuko.

Siku ya kukabidhi tulifanya jaribio mbele ya mzee na vijana wake wawili. Nilimwambia mmoja wao achomoe waya wa SDA huku pampu tatu zikiwa zimezimwa. Tukasubiri. Rilei zikaachia, pampu zote sita zikaanza, king'ora kikalia. Nikamwambia arudishe waya, akarudisha, mpokezano ukaendelea. Kisha mwenzake akarudia kwa SCL, akamalizia kwa kuing'oa MCP ya rilei kabisa kwenye soketi yake, na hewa ilikuja vilevile.